Betri ya drili haifi yote

Mi ni fundi wa dari, jipsamu hasa, na kazi zangu nyingi ziko pembezoni mwa Dar es Salaam, Madale, Goba, Bunju, mpaka ng'ambo kule Kibada, yani kule watu wanakojenga. Nyumba ikifika hatua ya dari mara nyingi umeme bado haujavutwa, mwenye nyumba anasubiri nguzo, kwa hiyo una mawili, ubebe jenereta au ufanye kazi na mashine za betri. Jenereta ni mafuta, ni makelele, alafu ni waya unakufuata kila ukisogeza skafodi, na we uko juu umeegemeza bodi ya jipsamu kwa kichwa na mkono mmoja, mkono wa pili ndo una drili, waya ukinasa kwenye ubao unashuka na bodi yako. Ndo maana mi kwenye dari sitoki kwenye betri.

Mwaka 2019 nilikuwa na drili moja ya Kichina imeandikwa 48V kubwa ubavuni, ina betri mbili. Haikumaliza mwaka, betri ya kwanza ikaanza kunizingua, unaichaji taa inawaka kijani, ukipiga skrubu tano sita inazima, ukiipumzisha dakika mbili inapiga mbili tena, kimya. Ya pili ikafuata baada ya wiki tatu. Nikaenda Kariakoo kuulizia betri peke yake, muuzaji akaniambia kaka betri moja elfu 55, ila drili nzima na betri zake mbili na boksi ni laki na ishirini, bora uchukue nzima tu. Na kweli wengi ndivyo tunavyofanya, tunachukua nzima, zile za zamani wanapewa watoto wa skrapa au zinakaa chini ya kitanda miaka. Mi siku hiyo laki na ishirini sikuwa nayo, sebule ya mtu imefika nusu na ada ya mtoto inadaiwa, nikarudi nyumbani nikachukua bisibisi.

Kwa vile nje kumeandikwa 48V nilitegemea nikute mzigo humo ndani. Nikakuta vipande vitano vya duara, kila kimoja kinene kidogo kuliko betri ya rimoti, vimeunganishwa kwa vibati vyembamba, na juu yake kabodi kadogo ka umeme. Basi. Vile vipande ndo tunaita seli, na aina ile inaitwa 18650, maana yake upana milimita 18 na urefu milimita 65, hakuna uchawi kwenye hiyo namba. Seli moja ya lithiamu ina volti 3.6 au 3.7 za kawaida, ikijaa inafika 4.2. Tano zikifuatana ni 18, zikijaa ni 21. Kwa hiyo ile 48 ya ubavuni haipo popote humo ndani. Nimeshafungua zilizoandikwa 36, 48, 88, hata 128, nikakuta seli tano zile zile. Hata chapa kubwa namba zinaweza kukuchanganya ingawa wao hawakudanganyi, DeWalt kwa mfano Marekani wanaandika 20V Max na Ulaya betri ya aina hiyo hiyo wanaandika 18V, ni seli tano zote mbili, mmoja kahesabu zikiwa zimejaa bila mzigo mwingine kahesabu wastani.

Nilikuwa na mita ya elfu 15, nikaanza kupima moja moja. Ya kwanza 3.9. Ya pili 3.9. Ya tatu 3.8. Ya nne 3.9. Ya tano 1.1. Nikapima tena nikidhani nimekosea kugusa. 1.1.

Pale ndo nilipoelewa kitu ambacho mpaka leo ndo kazi yangu ya pili imekaa juu yake. Betri haikufa. Ilikufa seli moja kati ya tano, na kwa sababu zimefuatana kama watu wanaopokezana ndoo kutoka kisimani, mmoja akilegea ndoo zote zinasimama. Zile nne zilikuwa nzima kabisa, na mi nilitaka kuzitupa, na muuzaji angeniuzia nyingine, na ile nyingine nayo ingekufa seli moja. Nikafungua betri ya pili, hadithi ile ile, ila yenyewe iliyokufa ilikuwa ya kwanza kwenye mstari. Kwa hiyo kwenye betri mbili "mbovu" nilikuwa na seli nane nzima. Nikachukua moja nzima kutoka betri ya pili nikaziba pengo la ya kwanza, na sebule ya mtu nikaimaliza wiki ile.

Ila nilivyoiziba ndo somo lingine, na lenyewe liliniuma. Sikuwa na mashine ya kupiga spoti, yani ya kuchomelea nukta nukta, nilikuwa na soda, ile risasi ya kuunganishia waya, na chuma cha kuchomelea cha wati 60. Nikakiweka moja kwa moja juu ya seli nikakishikilia mpaka soda ikashika. Kwa macho ilipendeza. Ndani ya seli kuna karatasi nyembamba za plastiki zinazotenganisha pande mbili, na upande wa chanya kuna gasketi ya plastiki, na lithiamu haipendi joto hata kidogo, ukiipasha vile unaiua polepole wala hujui. Ile seli ilifanya kazi kama miezi miwili ikaanza kushuka yenyewe hata ikiwa imekaa tu. Nikabadilisha nyingine kwa njia ile ile, ikashuka tena. Mzee mmoja wa pale mtaa wa Gerezani, karibu na Kariakoo, anayetengeneza spika na redio ndo aliniona napambana akaniambia, "Mwanangu, hiyo usiichome kama waya wa redio, hiyo inaguswa kwa nukta moja ya sekunde inaachiwa." Akanionyesha mashine ndogo inayonyonya umeme wa betri ya gari na kuumwaga kwenye ncha mbili za shaba, tap, tap, kibati kimeshika na seli haijapata hata joto la mkono. Shikamoo yake ninampa mpaka leo nikipita pale.

Huyo huyo mzee ndo alinifundisha kuhusu mduara wa karatasi unaowekwa upande wa chanya. Watu wengi hawajui kwamba mwili mzima wa seli ni hasi, kuanzia chini mpaka ukingo wa juu kabisa, chanya ni kale kachuchu ka katikati tu, na kinachotenganisha ni plastiki ya nje nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Ukiweka kibati kinatoka kwenye chanya kinapita juu ya ukingo, drili ikitetemeka miezi mitatu ile plastiki inasagika, kibati kinagusa ukingo, seli inajipiga shoti yenyewe. Kwa hiyo kila chanya unaweka mduara wa karatasi ngumu kwanza ndo unapiga kibati. Ni kitu cha shilingi 50, na nikifungua betri ambayo imeshapita kwa fundi mwingine kitu cha kwanza natazama kama iko. Mara nyingi haipo.

Sasa niongelee seli za laptop, maana hapa wengi tunaumia na naona vijana bado wanaumia. Ukitaka seli za bei rahisi mjini utaambiwa kuna betri za laptop mbovu, zifungue, ndani kuna 18650 sita, na baadhi bado ni nzima. Ni kweli. Na kwa umbo zinaingia kabisa kwenye betri ya drili. Mi niliweka tano, zote zimepima 4.1, nikaona nimemaliza kazi. Drili ikawa inazunguka vizuri hewani, ukigusa mbao inanung'unika na betri inakuwa ya moto kama chapati. Nilidhani ni ile bodi ndogo ya umeme. Nikaibadili. Bado. Ilinichukua muda kuelewa kwamba volti sio kila kitu, kuna swali la seli inaweza kumwaga umeme kwa kasi gani. Laptop inakunywa taratibu, seli yake imetengenezwa itoe ampia nne, tano. Drili ikikutana na ugumu inataka ampia 20, 30 na zaidi, grenda ndo usiseme. Ni kama tanki mbili zina lita sawa, moja ina bomba la nusu inchi nyingine ina bomba la inchi mbili.

Na hapa kuna hesabu ambayo ningeipata mapema ningeokoa pesa nyingi. Kila seli ina ukinzani wa ndani, yani inauzuia kidogo umeme wake yenyewe, na unapimwa kwa miliomu. Seli nzuri ya drili ikiwa mpya ina kama miliomu 20 hivi. Seli ya laptop iliyochoka inaweza kuwa na 60 au zaidi. Ukivuta ampia 20 kwenye seli ya miliomu 60 unapoteza volti 1.2 palepale ndani ya seli, mara tano ni volti 6, kwa hiyo betri yako ya 18 inafika kwenye mota ikiwa 12. Na zile volti hazipotei bure, zinageuka joto, wati 24 ndani ya kitu cha ukubwa wa kidole gumba, mara tano. Ndo ile chapati. Seli ya miliomu 20 kwa kazi ile ile inapoteza volti 0.4 tu. Siku hizi nina kakipimo kanachosoma ukinzani, nilikanunua nikalalamikiwa nyumbani kwamba natupa hela, lakini ndo kifaa kimenilipa kuliko vyote mezani, mita inakwambia seli imejaa kiasi gani, hako kanakwambia seli ina nguvu au imezeeka.

Kwa hiyo nikiweka seli mpya nataka zile za kumwaga umeme kwa kasi, kama Samsung 25R, au LG HG2, au zile VTC6 zilizokuwa za Sony na sasa ni Murata. Uwezo wake ni 2500 au 3000 mAh basi, hizo mAh ni kipimo cha umeme ambao seli inabeba. Ukiona 18650 imeandikwa 9900 mAh iache hapo hapo ilipo, seli ya ukubwa ule iliyo nzuri mara nyingi inaishia kama 3500. Nina mizani ndogo ya kupimia dhahabu, seli halisi inakuwa gramu 45 mpaka 48 hivi, za uongo nyingi nimezikuta nyepesi mno, gramu thelathini na kitu. Kuna mteja alininunulia mwenyewe seli kumi mtandaoni kwa bei ya kutupwa, nikaziweka kwenye mizani mbele yake, kaka wa watu alisikitika sana, nilimwambia siziweki, na kweli sikuziweka, na mpaka leo siziweki za namna ile hata mtu akiniomba.

Mwaka 2021 ndo nilipata mtihani ambao sitaki mtu mwingine aupate. Kuna betri niliiokota kwenye mizigo ya saiti, ya chapa nzuri, kubwa, ile ya seli kumi ambapo zinakuwa mbili mbili sambamba kisha jozi tano zimefuatana. Ilikuwa imekaa bila chaji masika yote. Jozi zote zilikuwa chini ya volti 1, mbili ziko karibu na sifuri. Chaja yake ilikuwa inakataa, inapiga taa ya kupepesa. Mi nilikuwa nimeshaona vijana wanaishtua betri kwa betri nyingine, unachukua betri nzima unaunganisha chanya kwa chanya hasi kwa hasi dakika kadhaa, ile iliyolala inapanda, ukirudisha kwenye chaja inakubali. Nikafanya hivyo. Chaja ikakubali, nikafurahi, nikaiweka mezani ikichaji nikatoka nje kula.

Nilichosikia kwanza ni harufu, sio ya plastiki kuungua, ni harufu tamu tamu kama ya kuondolea rangi ya kucha. Nikaingia, betri iko moto na inatoa sauti kama mtu anapuliza kati ya meno. Namshukuru Mungu nilichomoa chaja ukutani kwanza, sijui hata nani alinikumbusha, nikachukua koleo la mchanga nikaisukuma ikaangukia kwenye karai la kokoto, nikatoka nalo uani. Ilipofika nje seli moja ikalipuka, pfuuu, moto wa urefu wa mkono, kisha ya pili yake. Watoto walikuwa wanacheza pale pale dakika kumi kabla. Nikamwagia mchanga, ikaendelea kufuka chini ya mchanga zaidi ya nusu saa, kila nikidhani imeisha inapuliza tena. Baadaye nikaja kujua kwamba mchanga unazuia cheche zisiruke lakini haupoozi, na seli zile zinawashana kwa joto, moja inaichemsha ya pembeni, kwa hiyo kinachotakiwa ni maji mengi sana ya kupooza, ila uwe umeshachomoa umeme. Na ule moshi usiuvute, una sumu ya floridi inayounguza mapafu. Nilikohoa siku mbili.

Nilienda kutafuta kwa nini. Seli ya lithiamu ikishuka chini sana na ikakaa huko, shaba iliyo ndani yake inaanza kuyeyuka kwenye kile kimiminika, ukija kuichaji tena ile shaba inarudi kujishika mahali pasipo pake, inaota kama vinyuzi, na kinyuzi kikivuka upande wa pili ni shoti ya ndani ambayo hakuna bodi wala fyuzi inayoiona. Chaja ilikuwa inanikatalia kwa sababu nzuri na mi nikaizunguka. Tangu siku ile sheria yangu ni ngumu. Seli iliyoshuka chini ya volti 2 na sijui imekaa hivyo muda gani, siiamshi. Hata iwe ya chapa gani, hata mteja alie. Iliyo kati ya 2 na 2.5 na najua imeshuka jana au juzi, naipa chaji ndogo sana, nikiwa nimekaa nayo, mkono uko karibu, na ikipata joto hata kidogo wakati wa chaji ndogo nainyima maisha palepale. Na sichaji kitu nilichotengeneza nikiwa nimelala au nimetoka. Meza yangu ya kuchajia iko nje chini ya bati, juu ya tofali, haina nguo wala mbao karibu.

Watu huniuliza nafanyaje betri ikija. Kwanza naangalia miguu yake, zile chuma za kuingilia kwenye drili. Kwa sisi wa jipsamu vumbi letu linavuta unyevu, na hewa ya huku pwani ina chumvi, vikikutana kwenye miguu ya betri inakuwa na ukungu wa kijani au mweupe, umeme unapita kwa shida, miguu inapata moto, plastiki inalegea. Nusu ya betri "mbovu" za mafundi wenzangu wa dari nazifufua kwa mswaki na spiriti tu, na siwachaji hela. Pili kuna kale kasensa ka joto, ni kadude kama tone la gundi kana nyaya mbili, kamelala kati ya seli, chaja inakasoma kwanza kabla haijatoa umeme. Waya wake ukikatika kwa kudondoka chaja inakataa kabisa na seli zote ni nzima. Nimekuta hii mara nyingi kwa betri zilizoanguka kutoka juu ya skafodi.

Baada ya hapo ndo napima jozi moja moja na naandika kwa peni kwenye seli yenyewe. Zikiwa zimeachana kidogo, tuseme nne ziko 3.9 na moja 3.5, mara nyingi sio kifo, ni kuachana tu, maana bodi nyingi za bei ndogo zinalinda seli lakini hazisawazishi chaji zake, mwaka ukipita mmoja anabaki nyuma na chaja inasimama wakati wenzake wamejaa yeye bado. Ile iliyobaki nyuma naichaji peke yake kwa kachaja ka seli moja, kale ka ampia 1 kanachokata kwenye 4.2, mpaka ilingane na wenzake. Kisha naiacha. Hapa ndo panataka uvumilivu, naiacha wiki nzima bila kuigusa, napima tena. Ikiwa imesimama palepale namrudishia mtu betri yake. Ikiwa imeshuka peke yake wakati wenzake wamesimama, hiyo inavuja ndani, inatoka. Wateja wengi hawapendi wiki, wanataka leo, mi nawaambia ukitaka leo kuna mafundi wengine.

Swali gumu ni ukikuta moja imekufa na betri ina miaka mitatu, unabadilisha moja au zote. Kwa muda mrefu nilibadilisha moja kwa sababu ndo mteja anachoweza kulipa. Seli mpya kati ya wazee inakuwa na uwezo mkubwa kuliko wao, kwa hiyo kila ukitumia mpaka mwisho wao ndo wanaisha kwanza, na wanaendelea kuumizwa, betri inaishi miezi minne mitano inarudi na seli nyingine imekufa. Siku hizi napima ukinzani wa waliobaki, wakiwa bado chini ya miliomu 35 hivi natafuta mzee mwenzao kutoka kwenye akiba yangu, seli ya umri ule ule na nguvu ile ile, sio mpya. Wakiwa wamezidi hapo namwambia ukweli, tubadili zote au tusiguse. Na kwenye zile za jozi, ikifa moja ya jozi natoa zote mbili, maana ile nyingine ilikuwa imebeba mzigo wa wawili na imeshachoka hata kama mita inaisifia.

Vibati navyo vina mambo yake. Kuna vya nikeli tupu na kuna vya chuma kilichopakwa nikeli, kwa macho ni sawa, ila cha chuma kinakinza umeme zaidi na kinapata moto. Nilishauziwa roli nzima ya chuma kwa jina la nikeli. Sasa nikinunua nakwangua kwa msasa naloweka kwenye maji ya chumvi usiku mmoja, asubuhi kikiwa na kutu namrudishia mtu. Vya milimita 0.15 kwa upana wa 8 ndo natumia, na kwa betri za grenda napiga tabaka mbili.

Kuna betri ambazo huwezi kushinda. Chapa nyingine bodi yake ikishaona hitilafu mara kadhaa inajifunga yenyewe, unaweka seli mpya kabisa zimelingana mpaka pointi ya mwisho, chaja inasema mbovu. Ilinitokea kwa betri ya dada mmoja anayetengeneza masofa Keko, nilimrudishia hela yake ya seli yote, na zile seli nikazitumia kwa mtu mwingine. Siku hizi kwa zile najaribu bodi kwanza kabla mteja hajanunua kitu.

Na zile za zamani za nikeli kadmiamu, nzito, volti 1.2 kila moja, za 14.4 zinakuwa kumi na mbili humo ndani, bado zinakuja kutoka kwenye mashine za mitumba. Ulaya walishazizuia kwenye mashine za mkono tangu 2017 kwa sababu kadmiamu ni sumu. Mtu ananiambia anko nitolee hizo niwekee lithiamu, chaja niachie ile ile. Hapana. Chaja ile inasubiri dalili ambayo lithiamu haitoi, haijui kusimama kwenye 4.2, itaendelea kusukuma. Nakubali kubadili kama tunabadili na chaja na tunaweka bodi ya kulinda, vinginevyo nairudisha.

Zaidi ya kutengeneza, kilichobadilisha maisha ya betri zangu mwenyewe ni vitu vitatu vidogo ambavyo hakuna muuzaji aliwahi kuniambia. Mi nafanya kazi chini ya bati, mchana wa Januari huko juu ni jiko, betri inatoka kwenye drili ikiwa imechemka kwa kazi na kwa bati pia. Zamani nilikuwa naichomeka kwenye chaja hapo hapo ili iwahi. Mwisho wa 2023 kuingia 2024 kwenye ule mgao wa umeme ndo tuliziua kweli, umeme ukirudi kila mtu anakimbilia kuchomeka zikiwa za moto kwa sababu hujui utakaa saa ngapi. Sasa hivi naiweka kivulini sakafuni nusu saa kwanza, mpaka niishike ubavuni nisisikie joto. Cha pili, siikamui. Nikisikia drili inaanza kulegea naitoa, zamani nilikuwa nasubiri inyamaze kisha naibembeleza skrubu mbili za mwisho, na zile skrubu mbili ndo zilikuwa zinaua ile seli dhaifu.

Cha tatu ni Desemba. Kila Desemba naenda Moshi, wiki tatu au zaidi, na nilikuwa naacha betri ndani ya drili zikiwa zimeisha maana nimetoka kazini nimechoka nikatupa mkoba kwenye kona. Bodi ndani ya betri inakunywa kidogo kidogo muda wote, na nyingine inakunywa kutoka kwenye seli moja tu ya mwanzo, kwa hiyo Januari unarudi unakuta nne zina 3.2 na moja ina 1.8. Sasa kabla ya safari kila betri naipa chaji nusu, ile taa mbili kati ya nne, naitoa kwenye drili, naifunga kwenye mfuko mkavu, inakaa sakafuni mahali pa baridi, sio juu ya kabati karibu na dari. Betri yangu ya 2020 bado iko kazini, imebadilishwa jozi moja tu.

Zile zilizokufa kabisa nazifunga ncha zote mbili kwa selotepu ya umeme, zinakaa kwenye ndoo ya bati yenye mchanga nje ya nyumba, ikijaa kuna kijana anayekusanya taka za vifaa vya umeme anakuja kuchukua. Watoto wa skrapa siwapi tena, wao wanazipiga nyundo kutoa bati, na mi nimeshaona zinavyofanya.

Dogo ninayemfundisha sasa ana miaka 19, alikuja kujifunza jipsamu akapenda meza ya betri kuliko ngazi. Juzi amepigiwa simu na fundi wa Bunju, betri mbili zimekataa kuchaji, jamaa anataka kuziacha asubuhi azichukue jioni. Nilikuwa nasikiliza tu kutoka juu ya skafodi. Dogo akamuuliza, "Kaka, zimekaa tupu muda gani?" Jamaa akasema tangu Pasaka. Dogo akamwambia asizichomeke tena kwenye chaja, azitoe ndani wanapolala watoto, aziweke uani juu ya tofali, na Jumamosi azilete tuzipime.